Selina na Mkokoteni wa Ng'ombe Mmoja

Selina Mughwai wa Sepuka alitengeneza treni siku ya Jumatatu, kabla jua halijafika utosini, akiwa amekaa juu ya mkokoteni uliokuwa hauendi popote. Treni yenyewe ilikuwa ya kwenye simu. Alichukua injini, akaiburuta kwa kidole gumba mpaka juu ya reli, simu ikalia kidogo, treni ikajitokeza na moshi wake. Jumanne alipata meli. Jumatano asubuhi alipata baiskeli, pikipiki na hata ndege ya abiria. Kitu kimoja tu kilimgomea, nacho ni mkokoteni wa ng'ombe. Na huo mkokoteni ndio uliokuwa kazi yake kwa miaka tisa.

Kwanza nimweleze mwenyewe, maana kuna watu wanaodhani mwanamke wa miaka arobaini na saba akikutwa na simu mchana kweupe basi ni mvivu. Selina hajawahi kuwa mvivu. Shida yake ni nyingine, ni udadisi. Alipokuwa darasa la tatu aliifungua redio ya baba yake ili aone sauti inakaa wapi, akachapwa, akairudishia, na ikaongea vizuri kuliko mwanzo, jambo ambalo baba hajalikiri mpaka leo. Kijijini wanamwita Mama Kwanini. Wengine wanalisema jina hilo kwa mapenzi, wengine kwa kuchoka, kwa sababu mtu akienda kumuazima jembe atatoka pale amejibu maswali sita.

Mwaka aliovuna alizeti nyingi, wanawake wenzake walinunua mabati. Yeye alinunua ndama wawili madume. Mumewe Laurian, ambaye yuko Dodoma kwenye kazi za ujenzi na hurudi Krismasi, alimwambia ng'ombe ni wako, akili ni yako, mimi simo. Selina akawalea, akawahasi, akawafundisha nira yeye mwenyewe. Mmoja alimwita Meneja kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama na kutazama kazi. Mwingine alimwita Karani kwa sababu ndiye aliyeifanya. Siku ya kwanza alipopita nao barabarani akiwa amekaa juu ya mkokoteni na fimbo mkononi, wanaume waliokuwa nje ya mashine ya kusaga walicheka hadi wakashikana mabega. Mwezi uliofuata watatu kati yao walimkodi. Akabeba magunia ya alizeti, mchanga, matofali, mapipa ya maji wakati wa kiangazi, na siku moja bibi harusi pamoja na kabati lake.

Halafu, mwezi wa sita mwaka huu, Karani akafa. Ilikuwa ndigana baridi, ugonjwa wa kupe. Bwana mifugo alifika kwa wakati mzuri kabisa wa kueleza kwamba tumechelewa. Selina alilia kama mtu anavyolia, bila kujificha, na majirani walimwelewa, maana huku kwetu hakuna anayemshangaa mtu kumlilia ng'ombe. Meneja alikaa siku tatu mlangoni mwa zizi akiangalia njia, majani yamewekwa mbele yake na hayagusi.

Kwa mtu asiyefuga, kufa kwa mmoja ni hasara ya mmoja. Sivyo. Maksai hukua wawili, hufundishwa wawili, na nira ni mti mmoja wa shingo mbili. Akifa mmoja, yule aliyebaki hana kazi tena. Selina alijaribu kumfunga Meneja na maksai wa jirani. Wakapigana pembe mpaka nira ikapasuka. Kununua ndama na kumfundisha ingechukua misimu miwili, na Meneja si kijana. Ndiyo maana Sepuka nzima ilijua kitakachofuata, kwa sababu ndicho kinachofuata siku zote. Aliyebaki huuzwa mnadani, na anayemnunua huwa na ndoano tayari buchani kwake.

Gerald, mnunuzi wa ng'ombe, alikuja kutoa pole siku ya tano. Alitoa pole kwa mdomo huku macho yakipima mapaja ya Meneja. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Hiyo ndiyo kazi yake, na bei aliyoitaja ilikuwa ya haki. Akasema atamchukua siku ya mnada wa mwezi, zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Selina hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alimkaribisha uji, akamuuliza ng'ombe akichinjwa moyo wake una uzito gani. Gerald aliacha uji nusu.

Wiki hiyo binti yake Winfrida, anayesomea ualimu Singida mjini, alikuja nyumbani na kumkuta mama amekaa juu ya mkokoteni mtupu uani, anamtazama Meneja, na Meneja anatazama njia. Winfrida alikuwa na simu ya zamani ya kupangusa. Akaiachia pale, akaweka na mchezo ndani yake. Alimweleza mama kwamba mwanzo unapewa vitu vinne, yaani moto, maji, udongo na hewa. Ukivichukua viwili ukavikutanisha, wakati mwingine kinazaliwa cha tatu. Hicho cha tatu nacho unakikutanisha na kingine. Ndani kuna vitu zaidi ya mia tatu, na hakuna anayekuambia njia. Akapanda basi akarudi chuoni, akiamini mama atacheza siku mbili kisha achoke.

Hakumjua mama yake vizuri. Selina alikutanisha maji na udongo akapata tope. Tope na moto, tofali. Alipiga paja lake kwa furaha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya wachoma matofali wa pale kijijini, haikuongezwa wala kupunguzwa. Mtu aliyeutunga mchezo huu, akasema moyoni, amewahi kuchoma tofali. Moto na maji vikampa mvuke. Hewa na mvuke, wingu. Udongo na moto vikatoa jiwe, hapo akabisha kidogo, akaamua kumsamehe mtunzi. Jiwe na moto, chuma. Alicheza asubuhi akishamaliza kupalilia bustani, akacheza mchana kuku wakiwa wamelala kivulini, na kila jambo lililokubali lilimfanya acheke peke yake. Alikuwa hajacheka tangu Karani afe, na alipojisikia anacheka aliona aibu kidogo, akaendelea.

Mle ndani kulikuwa na kurasa, na ukurasa mmoja ulikuwa wa vyombo vya usafiri. Vile usivyovipata bado vilionekana kama vivuli vyeusi, umbo tu. Selina alivitambua karibu vyote kwa macho. Kile cha pili kutoka juu kilikuwa na magurudumu, na mbele yake pembe. Akajua ni chake. Akajipa ahadi kwamba huo atautengeneza leo, vingine baadaye, kwa kuwa nani anaufahamu mkokoteni kuliko yeye?

Ikawa kinyume. Treni ikaja, meli ikaja, hata trekta likaja, na mkokoteni ukakaa kivuli. Alikuwa na ng'ombe mchezoni, alikuwa na gurudumu, alikuwa na mbao, alikuwa na chuma, hata mkokoteni wa mkono alikuwa ameupata. Alianza kama mtu yeyote wa Sepuka angeanza: akachukua ng'ombe, akamweka juu ya ng'ombe mwingine, ili wapatikane wawili wa kufunga. Simu ikampa kundi. Sawa, akachukua kundi akaliweka juu ya gurudumu. Kimya. Kundi juu ya mbao, likatoka zizi. Kundi juu ya mkokoteni wa mkono, kimya. Akajaribu kundi na chuma, kundi na barabara, kundi na mtu, ambayo ilimpa mchungaji, akamtazama yule mchungaji kwa hasira. Siku nne zikaenda hivyo. Alimpigia Winfrida kumuuliza kama simu ina kasoro. Winfrida akasema haina, na kwamba yeye analijua jibu lakini hatalisema, maana mama mwenyewe ndiye aliyemlea kwa kumwambia ajaribu kwanza.

Jibu lilikuja kwa bahati mbaya. Alikuwa anamburuta ng'ombe kwenda kwa mwenzake kama kawaida, Meneja akapiga chafya nyuma yake, kidole kikateleza. Ng'ombe akaanguka juu ya mkokoteni wa mkono. Peke yake. Simu ikalia.

Selina aliisogeza karibu na uso. Ilikuwa picha ndogo, si kubwa kuliko ukucha, lakini aliiona vizuri. Ng'ombe mmoja, amesimama katikati ya miti miwili mirefu inayotoka kwenye mkokoteni, mmoja kila upande wa mbavu. Hakukuwa na mti wa kati, ule unaopita baina ya ng'ombe wawili. Hakukuwa na mwenzake.

Hakucheka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuugeukia mkokoteni wake aliokuwa ameukalia, akautazama kwa muda mrefu kana kwamba umeletwa pale asubuhi hiyo. Siku nne nzima alikuwa anafunga ng'ombe wawili kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mmoja. Yeye, Mama Kwanini, hilo moja hakuwahi kuuliza.

Fundi Obadia ana karakana karibu na barabara ya kwenda Ikungi, anatengeneza mikokoteni kwa ekseli za magari yaliyokufa. Ni mtu mnene, mpole, mwenye msimamo kuhusu kila kitu. Selina alifika pale, akamsalimia, akampa simu. Obadia alivaa miwani, akaitazama picha, akaitazama tena, akarudisha.

"Mama Winfrida, hii ni michezo ya watoto."

"Najua, fundi. Nakuuliza kama inawezekana."

Obadia akaeleza kwa nini haiwezekani. Alieleza kwa robo saa. Punda sawa, punda mmoja amewahi kumuona akivuta kwa miti miwili, huko alikopita zamani akiwa utingo wa lori. Lakini ng'ombe ana nundu, nira inakaa mbele ya nundu, na nira ya shingo moja nani amewahi kuiona? Selina akamuuliza nira ya shingo mbili ukiikata katikati unapata nini. Obadia akachukua chaki akachora kwenye sakafu ya karakana, akafuta kwa kiatu, akachora tena. Watu waliokuja kuchomelewa vitu vyao siku hiyo walisubiri sana.

Kazi ilichukua siku mbili. Obadia aliung'oa mti wa kati, akafunga miti miwili pembeni, na akachonga nira fupi yenye mgongo uliopinda kidogo, akaifunga ngozi kuukuu chini yake isimchubue. Hakutaka kulipwa mpaka aone. Alisema hivyo kwa ukali, lakini alikuwa hajalala vizuri siku zote mbili kwa kuiwaza ile nira, na mkewe alimwambia Selina. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika mnada.

Walimfunga Meneja asubuhi. Aliingia katikati ya miti bila ubishi, nira ikamkaa, Selina akapanda juu na kumwambia twende, kwa Kinyaturu, kama alivyomwambia siku zote. Meneja akavuta. Mkokoteni ukasogea. Obadia akavua kofia.

Hatua ishirini mbele gurudumu la kushoto likatumbukia kwenye mtaro wa kando ya njia.

Wakautoa, wakarudia. Ukatumbukia tena, upande uleule. Mara ya tatu ulichukua na wigo wa miiba wa mama Magdalena, jirani, ambaye alitoka na kusema aliyokuwa nayo ya kusema. Obadia akakagua ekseli, akakagua miti kwa kamba, akapima urefu wa kila upande. Vyote vilikuwa sawa. Mchana Gerald akapita na pikipiki, akasimama akatazama mara moja, na kwa upole ambao ulimuumiza Selina kuliko kicheko, akasema atakuja mapema siku ya mnada, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Obadia alipendekeza fimbo. Selina akakataa. Akabaki peke yake na Meneja njiani, akachuchumaa, akatazama chini.

Njia za mikokoteni za huku zina mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu, na katikati kuna tuta la majani. Ng'ombe wawili wakivuta, kila mmoja hutembea kwenye mfereji wake, na tuta hubaki katikati yao. Kwa miaka tisa Meneja alikuwa wa kushoto. Nyayo zake za asubuhi hiyo zilikuwa zote kwenye mfereji wa kushoto, zimenyooka kama zimepigwa mstari. Ekseli haikuwa na kosa. Meneja alikuwa anatembea mahali pake na kumwachia Karani pa kwake, na mkokoteni ukawa unamfuata huko.

Selina alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Ilimchoma. Kwa muda fulani hakutaka kujua kitu kingine chochote, na kwake hilo ni jambo kubwa. Alifikiri labda Gerald ana haki, labda ng'ombe huyu ameshamaliza, na kumlazimisha ni kumtesa tu kwa sababu ya picha ndogo kwenye simu.

Kisha akasimama, maana udadisi ukimwacha huwa haumwachi kwa muda mrefu. Akafikiri, kama anamngoja mwenzake, basi nitakuwa mimi mwenzake. Akaenda upande wa kulia, akashika mti wa pembeni, akatembea kwenye mfereji wa Karani. Meneja alifurahi waziwazi, akampangusia pua kwenye bega. Akaendelea kutembea kushoto, vizuri kabisa, na gurudumu likaenda mtaroni.

Alijaribu hivyo siku nzima ya pili. Jioni, goti likimuuma, akaona ujinga wake. Meneja hakukosa mtu wa kulia. Mtu wa kulia angempa sababu zaidi ya kubaki kushoto.

Siku ya tatu, kesho yake ikiwa mnada, hakwenda kulia. Alikwenda kushoto. Akaingia mwenyewe kwenye mfereji wa Meneja, akasimama mahali ambapo ng'ombe yule alikuwa ametembea maisha yake yote, akaweka kiganja begani mwake na kumwambia twende. Meneja alitaka pake, akamsukuma. Selina hakutoka. Akamsukuma tena, si kwa ubaya, kama mtu anayemwambia mwenzake umekalia kiti changu. Selina akabaki. Basi Meneja akainua mguu wa mbele, akaupeleka pembeni, akaukanyaga juu ya tuta la majani, mahali ambapo hakuna ng'ombe wa mkokoteni anayepita. Akasimama hapo akinusa. Majani hayakuwa yamekanyagwa na yeyote. Akapeleka mguu wa pili.

Walitembea mpaka shule ya msingi na kurudi, gurudumu moja kila mfereji. Selina aliimba njiani na hakujua anaimba nini. Walirudia mara nne. Kila alipojaribu kutoka kwenye mfereji na kupanda juu, Meneja alirudi kushoto, kwa hiyo akaelewa bei yenyewe. Mkokoteni huu hatakaa tena juu yake. Atatembea, kila safari, kila gunia, na goti lake hilo. Akapiga hesabu ya umbali, akaikubali, lakini aliikubali kwa uzito.

Siku ya mnada alipakia magunia sita ya alizeti ya jirani mmoja aliyethubutu kumwamini. Zamani angepakia kumi na mbili. Obadia alikuja kuona, amevaa shati la kanisani. Walipofika njia kuu ya kuelekea mnadani, Gerald alikuwa amesimama pembeni na kamba yake begani, anawangoja kama alivyosema. Alitazama magunia, akatazama nira, akamtazama Selina aliyejaa vumbi mpaka magotini.

"Nusu mzigo," alisema, "na mwenyewe unatembea kwa miguu. Utafanya hivi mpaka lini, Mama Winfrida?"

Lilikuwa swali la haki. Selina akatoka kwenye mfereji ili amkaribie na kumweleza ukweli, kwamba hajui, kwamba labda mwaka mmoja, labda goti litaamua. Akaanza kusema. Ndipo akaona Gerald hamsikilizi. Gerald alikuwa anatazama nyuma yake.

Meneja hakuwa amesimama. Mfereji wa kushoto ulikuwa mtupu, wazi, hakuna aliyeuziba, na Meneja alikuwa anatembea juu ya tuta. Kichwa chini, polepole, katikati ya miti yake miwili, mzigo ukimfuata umenyooka. Alipita mbele ya kamba ya Gerald bila kugeuka. Selina alibaki amesimama barabarani mkono ukiwa bado umenyooshwa mahali palipokuwa na bega la ng'ombe, akahisi machozi yanakuja na hakuyazuia.

Gerald akaishusha kamba begani, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni mwa koti.

"Kimbia mama," akasema. "Unaachwa."

Selina akakimbia, na goti lake, akacheka njia nzima mpaka akaufikia mkokoteni na kuupanda.